Lori la Nitro la Mtumba: Sindano Ziguse Mwisho

Lori langu la kwanza la nitro, yaani lori dogo la kuendeshwa kwa rimoti lenye injini ya mafuta, lilinifikia ndani ya boksi, mchanga umegandamana na oili kila kona ya chasisi, na aliyeniuzia aliniambia neno moja tu: "Linataka kusetiwa kidogo." Nikamwamini. Kwa wiki tatu nilipiga magoti kando yake kila jioni, bisibisi mkononi, nikizungusha sindano za kabureta, zile skrubu zinazopima mafuta, kulia na kushoto. Linawaka, linapiga resi lenyewe bila kuguswa, linazima. Nikiongeza mafuta linakabwa na moshi na kufa. Nikipunguza linalia kama msumeno na kuchemka. Siku niliyoichomoa kabureta yenyewe ndipo nilipoona oringi ya pale chini ya shingo yake: imekauka, imepasuka sehemu mbili. Kipira chembamba kabisa. Nikaweka kipya, nikarudisha sindano kwenye vipimo vya kiwandani, na injini ikatulia kwa mara ya kwanza tangu niinunue.

Baada ya hapo nimefufua malori kadhaa ya mtumba, mengine yangu, mengine ya marafiki waliokuwa wameshakata tamaa, na mambo yamekuwa yale yale. Ukiambiwa lori linataka kusetiwa, mara nyingi ugonjwa hauko kwenye sindano. Uko kwenye hewa inayopenya mahali isipotakiwa, kwenye mafuta yaliyozeeka, kwenye plagi iliyochoka au kwenye klachi. Sindano husingiziwa kwa sababu ziko nje na hugeuzwa bila kufungua kitu. Ndiyo maana nasema ziguse mwisho.

Kwanza uelewe injini hii inaishije, maana kila ushauri unaofuata unatoka hapo. Ni injini ya mipigo miwili, ndogo: ile inayoitwa .15 ina sentimita za ujazo 2.5, na .21 ina 3.5. Haina cheche. Ndani ya plagi yake kuna waya mwembamba wenye platini, uliosokotwa kama springi ndogo. Wakati wa kuwasha unaupasha moto kwa betri ya volti 1.2 hadi 1.5. Injini ikishashika unaondoa betri, na waya unabaki mwekundu wenyewe, kwa sababu methanoli ikigusana na platini hutoa joto, na mlipuko wa kila mzunguko huongeza jingine. Mafuta yenyewe ni methanoli, nitromethani (kwa malori mengi asilimia 20 hivi, ingawa zipo chupa za 10 na za 30) na oili. Zingatia hiyo oili. Injini hii haina sehemu nyingine inakotolea ulainisho. Ukibana mafuta kupita kiasi unabana na oili, na pistoni inasugua chuma kwa chuma mara zaidi ya elfu 20 kwa dakika. Injini iliyozidishiwa mafuta inachafuka na kuzubaa tu. Iliyonyimwa inakufa.

Sasa ununuzi. Ili usiuziwe mbuzi kwenye gunia, omba kuikagua injini ikiwa baridi na uchomoe plagi. Zungusha flaiwili, lile gurudumu la chuma linalozunguka pamoja na injini, kwa kidole gumba. Injini nyingi za aina hii zina pistoni ya alumini ndani ya silinda ya shaba nyeupe iliyopakwa kromu, na silinda hiyo hupungua upana kidogo kule juu. Kwa hiyo pistoni ikifika juu kabisa inapaswa kubana, ukaisikia inakwama kidogo kabla ya kuvuka. Injini mpya hubana hadi kidole kiume. Iliyotumika vizuri hubana kwa adabu, lakini hubana. Ikivuka juu kama inateleza kwenye sabuni, injini imekwisha. Itawaka asubuhi ikiwa baridi, itakimbia dakika kumi, kisha ikipata moto itazima na haitawaka tena mpaka ipoe. Hapo hakuna sindano itakayokusaidia. Lori la namna hiyo lilipie kama lori lisilo na injini, au liache.

Tikisa pia flaiwili juu na chini. Ikicheza, beringi ya mbele imelegea, na kama nyuma ya klachi pamelowa mafuta, basi inapitisha. Halafu fungua filta ya hewa. Mimi hapa ndipo ninapoamua. Sponji kavu yenye vumbi upande wa ndani inanieleza jinsi injini ilivyotunzwa kuliko maneno yote ya muuzaji, maana vumbi likiingia huko linafanya kazi ya msasa. Magurudumu yaliyopinda, bodi iliyopasuka, mikono ya mbele iliyovunjika, hayo nayasamehe. Yanabadilishwa kwa nusu saa, hasa kwenye malori yaliyoenea kama T-Maxx ya Traxxas au Savage ya HPI, ambayo vipuri vyake vimetengenezwa na wengi.

Likishakuwa lako, usiliwashe. Najua hamu ilivyo. Lakini mchanga ulio juu ya injini ukitikisika unaingia ndani, na ukishaingia umeshapoteza. Lifungue lote, ukipiga picha kabla ya kutoa kila kipande, na skrubu za kila sehemu zitie kwenye kikombe chake. Chasisi na mikono vioshe kwa mswaki na maji ya sabuni. Injini iliyokaa miaka bila kuwashwa mara nyingi huwa imeganda, kwa sababu oili ya mbarika ikikauka inakuwa kama gundi ya kahawia. Usiivunje kwa nguvu. Ipulizie draya ya nywele mpaka ipate joto, tone la oili kwenye tundu la plagi, subiri, kisha isukume polepole. Kama utando umeshikamana sana, vua kila kitu cha mpira na plastiki, uloweke vyuma kwenye kulanti ya gari iliyopashwa moto wa chini kwa saa kadhaa, sehemu yenye hewa ya kutosha. Utando unatoka wenyewe. Ila chombo ulichotumia kisirudi jikoni tena maishani, kwa kuwa kulanti ni sumu.

Wakati wa kufunga, skrubu inayoingia kwenye chuma itie gundi ya skrubu, tone moja. Inayoingia kwenye plastiki usiitie, maana gundi hiyo inaitafuna plastiki. Injini hizi zinatikisika mno, na skrubu ya kitako cha injini ikilegea giya zinaliwa ndani ya dakika chache.

Sasa hewa. Hapa kaa kitako, hapa ndipo pesa na muda wa watu wengi vinapopotelea. Kabureta inapima mafuta kwa kufuata hewa inayopita kwenye mdomo wake. Hewa ikipata njia nyingine ya pembeni, kipimo kinavurugika, na kinavurugika tofauti kila injini inapobadilisha mwendo au joto. Ndiyo maana leo unaseti vizuri, kesho lori limekuwa jingine. Dalili yake kubwa ni hii: unatoka kukimbiza kwa kasi, unaachia moto (kile kitufe cha kuongeza mwendo kwenye rimoti), na injini badala ya kushuka mara moja inabaki juu inalia, kisha inashuka taratibu kana kwamba haitaki. Mtu anaona hivyo, anaongeza mafuta, na moshi unakuwa mwingi lakini ugonjwa uko pale pale.

Njia za hewa ya wizi ni chache na zinajulikana. Oringi ya shingo ya kabureta. Kifuniko cha nyuma cha injini. Beringi ya mbele. Oringi za sindano zenyewe. Mpira wa kufunikia tangi. Mipira ya mafuta iliyogeuka njano na kukakamaa. Mimi kwa lori la mtumba sibishani wala sichunguzi: nanunua seti ya oringi na mita moja ya mpira wa silikoni, nabadilisha vyote. Kisha kwenye shingo ya kabureta na kwenye kifuniko cha nyuma napaka silikoni ya kuhimili joto, safu nyembamba kama ya kupaka mafuta midomoni, nikihakikisha hakuna inayoingia ndani. Naiacha ikauke usiku kucha.

Tangi lipime peke yake. Funga kifuniko, ziba mdomo mmoja kwa kidole, lizamishe kwenye beseni la maji na upulize kwenye mdomo wa pili. Povu likitoka, hata moja moja, badilisha sili. Tangi hili linafanya kazi kwa shinikizo: kuna mpira unaotoka kwenye ekzosi kuja juu ya tangi, ukisukuma mafuta yaende mbele. Tangi likivuja, mwanzoni lori linakwenda vizuri, kisha mafuta yakipungua tangini injini inaanza kukauka, yaani kukosa mafuta, na kupiga kelele. Baada ya kupima, likaushe kabisa. Maji na methanoli vinapendana kupita kiasi.

Upande wa klachi sitakaa sana. Toa kengele (kikombe cha chuma kinachofunika klachi), angalia viatu vya klachi havijaisha na springi hazijakatika, weka beringi mpya mbili ndogo za ndani. Fanya hivyo hata kama zilizopo zinaonekana nzima, kwa sababu sehemu hiyo inachemka sana. Springi iliyochoka inafanya lori litambae lenyewe hata injini ikiwa sailensa, yaani inanguruma chini bila kuongezwa moto, na mwenye lori, badala ya kubadilisha springi, anashusha sailensa mpaka injini inazima kila akisimama. Umeona jinsi kabureta inavyobebeshwa mzigo usio wake. Giya zikutanishe ukiwa umeweka kipande cha karatasi ya daftari katikati yake, kaza injini, kisha zungusha karatasi itoke. Ikitoka imekunjwakunjwa bila kuchanika, ni sawa. Filta iloweke oili ya filta, iminye mpaka sponji yote iwe na rangi moja, na uifunge kwa zip tai.

Kuna jambo moja ambalo silifanyii mzaha. Lori lenye uzito wa kilo nne au tano likienda kilomita 60 kwa saa linaweza kumvunja mtoto mguu. Kabla ya kuwasha injini, weka betri mpya kwenye rimoti na betri iliyojaa kwenye risiva (kipokea mawimbi kilicho ndani ya lori), washa rimoti kwanza halafu lori, na hakikisha ukiachia moto mlango wa kabureta unabaki wazi milimita moja hivi, na ukivuta breki unarudi hapo na breki inashika. Springi ya kurudisha kabureta iwe imara. Halafu jaribu ulinzi wa kupotea kwa mawimbi: lori likiwa juu ya stendi, injini imezimwa, zima rimoti. Sevo, ile mota ndogo inayovuta moto na breki, lazima lijipeleke lenyewe kwenye breki. Likibaki lilipo, seti ulinzi huo upya kabla ya kufanya kitu kingine chochote. Niliwahi kushuhudia lori lililopoteza mawimbi likiwa moto wa mwisho. Lilivuka uwanja mzima na kujigonga ukutani mita mbili kutoka kwa watu waliokuwa wamekaa. Mwenye lori alikuwa mtu mwangalifu. Betri ya risiva tu ndiyo iliyokuwa imeisha.

Mafuta nunua mapya. Chupa uliyopewa pamoja na lori, hata ikiwa imejaa, isitumike, kwa kuwa methanoli inanyonya unyevu wa hewani na huwezi kujua kifuniko kilikaa wazi mara ngapi. Plagi nayo iwe mpya. Na mafuta haya ni sumu, yanapita kwenye ngozi, yakinywewa yanaweza kupofusha, na moto wake hauonekani vizuri juani. Jaza tangi nje, injini ikiwa imezimwa.

Sasa, na ni sasa tu, tunakuja kwenye sindano. Kuna mbili na skrubu moja. Sindano kuu inatawala mafuta ya mwendo wa kasi. Sindano ndogo inatawala mafuta ya chini, pale unapoanza kuondoka. Skrubu ya sailensa haihusiki na mafuta, inazuia tu mlango wa kabureta usifunge wote. Ukizungusha sindano kwa mwelekeo wa saa unapunguza mafuta, kinyume chake unaongeza. Anza na vipimo vya kiwandani vya injini yako, vimo kwenye kitabu chake. Zungusha sindano taratibu mpaka iguse mwisho, bila kukaza, kisha rudi nyuma mizunguko iliyoandikwa, na uongeze robo kwa usalama. Andika kila badiliko kwenye daftari.

Pasha kichwa cha injini kwa draya hadi kiwe cha moto mkononi, hasa kama inabana vizuri. Vuta kamba ya kuwashia kwa mivuto mifupi, isizidi urefu wa kutoka kiganja hadi kiwiko, la sivyo utakata springi yake. Kamba ikigoma ghafla, acha. Mafuta yamejaa juu ya pistoni, na ukilazimisha utapinda fito inayoshika pistoni. Toa plagi, geuza lori kichwa chini, vuta mara kadhaa mafuta yamwagike, rudisha.

Ikishawaka, iache ipate joto kwa kuiendesha polepole kama tangi moja. Usiguse sindano injini ikiwa baridi, kwa sababu chochote utakachokiseti kitabadilika ikishapata moto. Kisha anza na sindano kuu. Kimbiza lori moto wa mwisho mara mbili tatu kwenye eneo refu, ukitazama mkia wa moshi. Likiwa linavuta kwa uvivu, sauti imekabwa na moshi ni mzito, punguza mafuta kidogo. Kidogo ni kiasi gani? Chukulia ufa wa sindano ni mshale wa saa: usogeze kutoka namba moja hadi inayofuata, basi. Endesha tena. Rudia mpaka sauti ikatike vizuri na lori lirushe matairi, huku moshi mwembamba wa samawati ukiendelea kuonekana. Moshi ukitoweka, umevuka mpaka. Rudi nyuma mara moja, na uongeze alama moja ya ziada. Kasi hiyo ndogo unayoiacha ndiyo inayokununulia umri wa injini.

Kisha sindano ndogo. Acha injini isimame sailensa kwa nusu dakika, halafu minya mpira wa mafuta unaoingia kwenye kabureta na uhesabu. Injini ikiendelea sekunde mbili au tatu, ikapandisha sauti kidogo kisha ikazima, umefika. Ikizima papo hapo, mafuta ya chini ni machache. Ikinguruma sekunde tano, sita, ikipanda sana kabla ya kufa, ni mengi. Thibitisha kwa kuondoka ghafla: ikijikaba na kutoa wingu la moshi, punguza. Ikikata kavu bila moshi, ongeza. Mwisho kabisa ndipo ushushe skrubu ya sailensa mpaka lori lisimame bila kutambaa.

Joto nalipima kwa bunduki ya kupimia joto, nikilenga karibu na plagi. Injini nyingi zinafurahi kati ya nyuzi 93 na 127 za Selsiasi. Huna kipimo, dondosha tone la maji kwenye kichwa cha injini: likikauka taratibu kwa sekunde tatu hadi tano ni salama, likiruka na kutoweka mara moja zima injini. Lakini joto ni shahidi tu. Nimekutana na injini zinazokwenda vizuri sana kwenye nyuzi 120 na nyingine zilizokuwa zinalia kwa ukavu zikiwa 100, kwa sababu upepo na hali ya hewa ya siku hiyo vinaingia humo. Sikiliza na tazama moshi kwanza. Plagi nayo itoe baada ya mbio: waya unaong'aa na kulowa kidogo ni mzuri, waya wa kijivu uliofifia au uliojikunja ni onyo la ukavu.

Siku ya baridi, hewa ikiwa nzito, ongeza mafuta kidogo. Siku ya joto na unyevu, utapunguza alama moja au mbili. Ikitaka zaidi ya hapo, rudi kwenye oringi.

Ukimaliza kuendesha, usiache mafuta tangini. Yamwage, kisha washa injini iteketeze yaliyobaki kwenye mipira mpaka izime. Toa plagi, tia matone machache ya oili ya kuhifadhia kwenye tundu lake na kwenye mdomo wa kabureta, vuta kamba mara tano sita ili oili ifike kwenye beringi, maana hizo ndizo zinazoliwa na kutu kwanza. Na kabla injini haijapoa, zungusha flaiwili pistoni ishuke chini kabisa. Ikipoa ikiwa imebanwa kule juu inaitanua silinda, na ule ubano uliouhakiki siku ya kununua unapungua kila jioni. Mimi nimechora alama nyeupe kwenye flaiwili. Ikiangalia chini, najua lori linaweza kurudi kwenye rafu.